Ugali wa uwele: mchungu, una mchanga, na haushikani. Nakosea wapi?

MamaWawili_Mbagala
Habari zenu wakuu. Mama mkwe kanitumia debe la uwele kutoka Kongwa, anasema wajukuu wake wale nafaka za maana waache sembe. Mimi kwetu Tanga jamani, uwele nilikuwa nauona kwa wauza chakula cha njiwa tu. Basi mwezi uliopita nikapeleka nusu debe mashine nikasaga lote kwa mpigo. Siku za kwanza ugali ulilika, mchanga upo lakini ulilika, sasa hivi unga umekuwa mchungu afu una kaharufu kama mafuta ya zamani, na nikisonga haushikani, unakaa sahani kijivu kama saruji. Watoto wamegoma. Baba yao anakula kimyaaa kwa vile umetoka kwa mama yake. Nifanyeje na nusu debe iliyobaki?

Mnyaturu_Mjini
Dada hujakosea kupika, umekosea kusaga. Uwele una mafuta mengi kuliko mahindi, na ukisaga nzima nzima na kiini chake yale mafuta yanaharibika haraka, ndo huo uchungu. Kwa joto la Dar wiki mbili tu unga ushabadilika. Punje zikiwa nzima zinakaa hata mwaka, kwetu Singida ziko ghalani wala hatuna wasiwasi, ila unga tunasaga wa siku chache. Saga kilo mbili mbili, ukiwa na friji weka humo. Huo wa zamani wape kuku, usijaribu kuuokoa na sukari.
Na mashineni waambie wakoboe kidogo kwanza. Bibi yangu alikuwa ananyunyizia maji kwenye kinu ganda lilainike, anatwanga, anapepeta na ungo, ndo anasaga. Ule ugali na mlenda wee acha tu, unateleza wenyewe.

chumvi_kidogo
Mchanga ni kwa sababu wanapura chini kwenye udongo. Ukiosha kama mchele hautoki. Chukua mabeseni mawili, jaza maji mengi kwenye moja, mwaga uwele, koroga kwa mkono na wakati punje bado zinazunguka mimina kwenye beseni la pili, usisubiri zitulie. Mchanga mzito unabaki chini utauona mwenyewe na utashtuka. Rudia mara nne hivi mpaka chini pawe peupe, anika juani kwenye turubai mpaka ukiing'ata inalia ka! ndo upeleke mashine. Ukisaga mbichi inaota ukungu, mimi nishatupa ndoo nzima.

Nyar_HomaBay
Uwele sijazoea, ila ile nafaka nyingine nyinyi mnaita ulezi sisi huku ni wimbi, na ugali yetu ya brown ni wimbi ama mtama umechanganywa na muhogo. Muhogo ndio gundi, hizi nafaka pekee yake hazina ule mvuto. Jaribu vikombe vitatu vya uwele kwa kimoja cha muhogo. Halafu usirushe unga wote kwa maji ya kuchemka, tengeneza uji mwepesi kwanza uive vizuri, ndio uongeze unga ukisonga, moto mdogo. Itakuwa laini kuliko ya mahindi hata ukifanya nini, usiipiganishe.

Mzee_wa_Kunde
Swali langu, kwa nini wote mnakimbilia kusaga? Mimi mtama mweupe naloweka usiku kucha, nachemsha kama saa nzima, naweka kunde zilizoiva, natia tui. Punje inatafunika, haibondeki. Mtama mwekundu sipendi, ule ukakasi ndo unaowafukuza ndege kweleakwelea shambani, na mimi unanifukuza vilevile.

Sista_D
Nachomekea hapo, msidanganyane kuwa hizi nafaka ni dawa ya sukari. Mama yangu ana kisukari, akaambiwa na majirani anywe uji wa ulezi anavyotaka, bakuli asubuhi bakuli jioni, akipima imepanda. Nzuri sana ndiyo lakini wanga ni wanga, kipimo kinabaki palepale. Na ulezi una chokaa ya mifupa nyingi kuliko mahindi, hilo halina ubishi, wapeni watoto.

MamaWawili_Mbagala
Nimerudi wakuu. Nimeosha kwa mabeseni mawili, mchanga niliopata unajaza kikombe cha kahawa, na tulikuwa tunaula!! Nimesaga kilo mbili, nikatia muhogo wa yule dada wa Homa Bay, nikasonga jana na mlenda na dagaa. Mkubwa kamaliza, mdogo kala mlenda kaacha ugali. Baba yao kaongea kwa mara ya kwanza, kasema "wa mama ulikuwa mweusi zaidi." Sasa Mzee wa Kunde, uwele nao nikiuchemsha mzima na nazi unaiva kwa saa moja hiyohiyo au mapema maana punje zake ni ndogo?

Mzee_wa_Kunde
Mapema. Anza kuonja dakika ya thelathini. Na chumvi weka mwishoni.