Wakuu naombeni ushauri: gemu zetu za konsoli zilizohamia kwenye simu, nilipie au nicheze za bure?

Pedi_Mbovu
Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni mtu wa gemu tangu enzi za kaseti, sasa konsoli yangu imekufa kabisa na kununua nyingine haipo kwenye mipango kwa sasa, nimebaki na simu ya Android ya kawaida tu ila iko vizuri. Nimeingia Play Store nakuta karibu wote niliokua nao wamehamia huko, Mario yupo, Sonic yupo, Final Fantasy kibao, Castlevania, nikafurahi weee, ila nilivyoanza kuangalia vizuri nikachanganyikiwa. Kuna za kulipia mara moja basi, kuna za bure ambazo hata hujaanza kucheza ushaonyeshwa vito na masanduku ya kununua, halafu kuna zingine nasikia zinasifiwa sana ila ukizitafuta hazipo.

Juzi nimejaribu moja ya bure ya kukimbia na kuruka (siitaji jina), vitufe vimechorwa kwenye kioo, dole gumba likiteleza kidogo tu jamaa anasimama ukingoni badala ya kuruka, anatumbukia shimoni, na hapohapo linakuja tangazo. Nikazima.

Naomba kujua kwa wenye uzoefu, hizi kampuni za zamani zimekuja kwenye simu kwa moyo mmoja au zinatuuzia majina tu? Na nikiamua kutoa hela nianze na ipi? Kumbukeni mdogo wangu huwa anaichukua hii simu jioni na akaunti yangu ya malipo imo humohumo.

KasetiYaBluu
Simu ni ya kupigia mkuu. Jichange ununue konsoli.

Mzee_wa_Steji
Mpuuze huyo hapo juu 😂

Mkuu usiangalie jina la kampuni, angalia gemu ilitengenezwa kwa ajili ya nini. Vitufe vya kuchora kwenye kioo havina kingo, kidole hakijui kiko wapi mpaka uangalie, na ukiangalia kidole macho yametoka kwa adui. Ndo maana gemu ya zamani ya kuruka-ruka iliyobebwa kama ilivyo ikawekwa kwenye simu inakera, hata kama kwenye konsoli ilikua ya moto.

Walioshtuka mapema walibadilisha gemu yenyewe. Super Mario Run ya 2016 Mario anakimbia mwenyewe, wewe kazi yako ni kugusa tu, ukigusa kidogo anaruka kidogo, ukishikilia anaruka juu zaidi, unacheza kwa kidole kimoja ukiwa umesimama. Sonic Dash ya 2013 nayo hivyohivyo, njia tatu, unatelezesha kidole kushoto na kulia, juu kuruka, chini kubingirika. Mario Kart Tour gari linaenda lenyewe we unakata kona tu. Kuna watu wanasema huo sio Mario, sawa, ila vidole havikutukani.

Sasa kuhusu moyo mmoja, Nintendo walikataa simu miaka mingi, msimamo wao ulikua gemu zao zikae kwenye mashine zao. Machi 2015 bosi wao Satoru Iwata akatangaza kushirikiana na DeNA, kampuni ya Japani ya gemu za simu, na mkutano huohuo akagusia konsoli mpya wanayoitengeneza, ile iliyokuja kuwa Switch. Ukiunganisha hayo mawili unaelewa, simu kwao ni mlango wa kukuvutia uende ukanunue mashine. Mtu wa hivyo hakupi Mario kamili kwenye simu hata siku moja, anakuonjesha.

dada_joystick
Mzee umeongea ila umesahau kitu kinachomhusu zaidi jamaa, zile "zinazosifiwa ila hazipo". Hazijajificha kaka, zimefungwa. Gemu nyingi za bure zinaishi kwenye seva ya kampuni, siku hela ikipungua wanazima na kila ulichonunua kinaondoka nayo. Miitomo ya Nintendo ilianza 2016 ikafungwa 2018. Dr. Mario World 2019 hadi 2021. Dragalia Lost, waliyotengeneza na Cygames, 2018 hadi 2022, na hiyo watu waliipenda kweli, muziki wake mpaka leo nausikiliza. NieR Reincarnation ya Square Enix nayo ilizimwa 2024.

Kidogo wamejirekebisha, Animal Crossing Pocket Camp walipoifunga mwishoni mwa 2024 walitoa toleo la kulipia mara moja lisilo na manunuzi ya ndani, na Capcom walishafanya kitu kama hicho kwa Mega Man X DiVE mwaka 2023. Kwahiyo kabla hujatoa hata senti jiulize, nikizima data hii gemu inafunguka? Kama haifunguki basi umekodi, hujanunua.

Pedi_Mbovu
Duh dada asante, hilo la kuzima data sikuwahi kulifikiria. Kwahiyo Super Mario Run je, ile si ya kulipia?

dada_joystick
Ya kulipia ndiyo, na ilipotoka ilitaka intaneti muda wote hata kama umeshalipa, watu walilalamika sana. Steji za mwanzo bure, zilizobaki dola 9.99 mara moja. Ni hela ya haki kwa gemu kamili ila watu wa simu walikua wameshazoea bure, ikashushwa mara mamilioni kwa siku chache halafu wengi wakaishia kwenye kipande cha bure. Mwaka uliofuata Fire Emblem Heroes ikaja, bure, na bahati nasibu ya kuvuta mashujaa, ikaingiza hela kuliko Mario ingawa walioishusha walikua wachache zaidi. Sasa wewe ungekua bosi ungetengeneza ipi tena?

Orb_Moja_Tu
Mimi nacheza Heroes tangu mwanzo na silaumu mtu. Gemu yenyewe imebuniwa vizuri, uwanja mdogo wa mraba 6 kwa 8 unaingia wote kwenye kioo, unaburuta shujaa kwa kidole, mechi inaisha dakika chache. Kwa simu hapo walipatia. Shida ni kuvuta. Unamtaka shujaa fulani, unavuta anakuja mwingine, unavuta tena, na kila mwezi anatoka mpya mkali kuliko wa mwezi uliopita. Naweza kucheza bila kulipa kwa sababu nakubali kumkosa ninayemtaka, kama huna roho hiyo usiguse kabisa.

Na kwa mdogo wako usisubiri kesho, ingia kwenye mipangilio ya Play Store weka uthibitisho kwa kila ununuzi, nywila au alama ya kidole, ila hakikisha alama yake haijasajiliwa kwenye hiyo simu 😅 Hizi bahati nasibu za ndani ya gemu Ubelgiji waliziona ni kamari, mpaka Nintendo wakaziondoa Heroes na Pocket Camp huko 2019. Mario Kart Tour wenyewe waliiondoa ile bahati nasibu ya mabomba (unalipia bomba bila kujua litatoa dereva au gari gani) 2022, baada ya miaka mitatu ya kukusanya.

Pete_Mia
Mnaongelea Nintendo tu kama wengine hawapo. SEGA, wenye Sonic, waliacha kutengeneza konsoli 2001, hawana mashine ya kulinda, ndo maana kwenye simu wako huru zaidi. Sonic 1 na 2 za 2013 kwenye simu sio za kubeba tu, Christian Whitehead na wenzake walizijenga upya, picha inajaa kioo kipana, inateleza laini, na unaweza kumchezesha Knuckles, mhusika aliyekuja baadaye, hata kwenye ile ya kwanza. Mimi nasema hizo zinaishinda ya kaseti na sitaki ubishi.

Ila nao wana aibu yao, SEGA Forever ya 2017 walimwaga gemu za Mega Drive (konsoli yao ya zamani) bure zenye matangazo, watu wakafurahi siku moja, ya pili wanalalamika kwamba zinakwamakwama kwenye simu zenye nguvu mara mia ya Mega Drive yenyewe.

KasetiYaBluu
Yote hayo ya nini, weka emuleta, app inayoiga konsoli ya zamani. Hata Apple waliziruhusu 2024.

Mzee_wa_Steji
Emuleta yenyewe haina shida, shida ni gemu utakazoweka humo, ukishusha tu mtandaoni gemu ambayo hujainunua hiyo ni wizi hata kama kila mtu anafanya. Halafu vitufe ni vilevile vya kuchora, hujatatua kitu.

Pedi_Mbovu
Na nikinunua pedi ya Bluetooth?

Mzee_wa_Steji
Hapo umebadilisha mchezo mzima. Kwa pedi mimi ningekushauri Castlevania: Symphony of the Night, Konami waliileta kwenye simu Machi 2020, bei ilipotoka haikufika dola 3, gemu nzima ile ya 1997, inakubali pedi, haina vito wala masanduku. Bila pedi nenda kwenye za zamu (unapiga wewe, halafu adui), Chrono Trigger au zile Final Fantasy za Pixel Remaster, humo hakuna shimo la kutumbukia, unachagua shambulio kwa utulivu hata dole gumba likiwa na mafuta.

Angalizo tu, za zamani sana zinaweza kukufia. Apple walipotoa iOS 11 mwaka 2017 app zote za biti 32, yaani za mfumo wa zamani, ziligoma, gemu kibao za kulipia zikaenda na maji kwa sababu kampuni hazikuzifanyia apdeti. Android nayo inaelekea hukohuko, simu mpya mpya zingine hazifungui kabisa za biti 32. Kwahiyo soma tarehe ya apdeti ya mwisho kwenye ukurasa wa gemu, ikiwa ya miaka mingi nyuma waachie wenyewe.

Pedi_Mbovu
Wakuu nimeelewa sana. Nimeshaweka alama ya kidole kwenye manunuzi, dogo kanuna. Natafuta pedi kwanza halafu naanza na Castlevania, Sonic wa Whitehead namshusha leo usiku. Heroes sitagusa, najijua.

dada_joystick
Safi kaka. Ukishaanza, kabla ya kufuta app au kubadili simu angalia save yako inakaa wapi, zingine zinaihifadhi kwenye simu tu, ukifuta unaanzia mlango wa kasri tena.