Mshale wa joto hupanda ninapowasha taa kubwa: naomba ushauri kabla sijabadilisha dashibodi

KijanaWaKihesa
Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota Corolla 110 ambayo kwa muda sasa imeniondolea amani. Injini ikishapata moto, mshale wa joto hutulia katikati kama kawaida, lakini nikiwasha taa kubwa pamoja na feni ya AC hupanda ghafla hadi karibu na alama nyekundu, na nikizima hurudi ulipokuwa. Mshale wa mafuta nao hushuka na kupanda kwa kufuata indiketa. Rejeta imejaa na hakuna bomba linalovuja. Mwisho wa mwezi ninatakiwa kumpeleka mama yangu Iringa kutoka Dar es Salaam, na kupanda Kitonga nikiwa na mshale usioeleweka kunanitia hofu kubwa. Ombi langu ni moja tu: nielekezeni ninapoweza kupata dashibodi nzuri iliyotumika, na mnieleze kama inawezekana kuhamisha kilomita za dashibodi yangu ya sasa.

Mama Tumsifu
Mwanangu, pole kwa usumbufu. Mimi nitazungumzia kilomita, kwa sababu niliwahi kuuziwa gari ambalo dashibodi yake ilionyesha kilomita chache ilhali raba ya kanyagio la breki ilikuwa imelika hadi chuma kikaonekana, na fedha nilizotumia baadaye kwenye gari lile ninazikumbuka hadi leo. Ukibadilisha dashibodi, andika kilomita za ile ya zamani, za ile mpya na tarehe ya kubadilisha, kisha karatasi hiyo ikae pamoja na nyaraka za gari. Atakayelinunua kutoka kwako ana haki ya kujua anachonunua.

Fundi Mstaafu
Ndugu, geji mbili haziharibiki kwa pamoja na kisha kupona kila unapozima taa. Dalili hiyo inaelekeza kwenye athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Sensa ya geji ya joto katika injini za gari lako ina waya mmoja tu, na athi yake ni mwili wa sensa yenyewe uliokazwa kwenye injini kama skrubu. Injini isipokuwa na njia safi ya kurudi kwenye hasi ya betri, geji itadanganya hata kama dashibodi ni nzima na maji hayajachemka. Kabla sijaendelea, naomba unijibu mambo mawili: kuna kazi gani iliyofanyika kwenye gari hilo kabla tatizo halijaanza, na je, asubuhi stata huzunguka kwa nguvu?

KijanaWaKihesa
Ahsante, fundi. Gari halijawahi kupata ajali, na betri ni mpya kabisa. Fyuzi zote nimezikagua. Ndiyo maana ninaamini kwamba tatizo limo ndani ya dashibodi.

Dereva wa Masafa
Habari za athi zinanikumbusha pikapu tuliyokuwa tukibebea mahindi kule Mbeya. Waya wa athi wa injini ulikatika bila mtu kuona, na kila tulipopiga stata, umeme ulitafuta njia nyingine ya kurudi, ukaipata kwenye kebo ya akseleta. Kebo ilipata moto hadi ganda lake la plastiki likayeyuka na kushikana na waya wa ndani, na siku moja akseleta iligoma kurudi tukiwa tunateremka na mzigo. Tulinusurika kwa kuzima swichi na kushikilia breki. Tangu siku hiyo, kila nikifungua boneti, kitu cha kwanza kukitazama ni waya unaotoka hasi ya betri, kwanza hadi bodi, kisha hadi injini.

Fundi Mstaafu
Simulizi hiyo ni ya kweli kabisa kwa namna umeme unavyofanya kazi, na ndiyo sababu ninarudia swali ambalo mwenye mada hajalijibu. Ni kazi gani iliyofanyika? Na kwa nini betri ni mpya?

KijanaWaKihesa
Sikuona kwamba lina uhusiano, lakini kwa kuwa umesisitiza nitaeleza. Injini ilibadilishwa, nikafungiwa nyingine iliyotumika kutoka Japani. Baada ya hapo stata ikawa nzito asubuhi, nikaambiwa betri imechoka, nikanunua mpya, na uzito umepungua kidogo. Aliyefunga injini ni fundi mwenye uzoefu na sitaki kumlaumu, kwani gari linawaka na linatembea vizuri. Aidha, dashibodi iliyotumika nimekwisha kuitolea malipo ya awali Gerezani, na muuzaji amesema hawezi kunisubiri zaidi ya wiki hii. Bei yake ni nzuri, na sioni ubaya wa kuanza na dashibodi kisha mengine yakafuata.

Mchunguzi wa Mambo
Mtaniwia radhi, lakini mimi sishawishiki. Maji ya injini hayawezi kupata joto kwa sekunde moja kwa sababu tu ya kuwashwa taa, na mtu aliyekwisha kulipa hana sababu ya kuja kuuliza mahali pa kununua. Kila tukiuliza jambo, linaongezwa jambo jipya: kwanza dashibodi, kisha betri, kisha injini, sasa muuzaji mwenye bei nzuri. Ninahofia kwamba hiki ni kisa kilichotungwa ili baadaye tupewe namba ya simu ya huyo muuzaji. Kama gari lipo kweli, mwenye mada atuletee vipimo.

Mama Tumsifu
Na mimi nimeanza kujiuliza. Mwanangu, kama ni kweli, usikasirike. Jibu kwa vipimo.

Fundi Mstaafu
Shaka ya Mchunguzi ina msingi mmoja sahihi, kwamba maji hayapati joto kwa sekunde moja. Kinachopanda ni mshale peke yake. Injini inapounguruma, umeme wa taa hutoka kwenye alternata, yaani jenereta ya gari, nayo imefungwa kwenye injini, kwa hiyo umeme huo lazima urudi kwenye injini. Njia ya kurudi ikiwa dhaifu, injini huwa hasi zaidi kuliko bodi, geji husukuma umeme mwingi zaidi kupitia sensa, na dashibodi huutafsiri kuwa ni joto, kwa sababu ukinzani wa sensa hiyo hupungua kadiri maji yanavyopata moto.

Mwenye mada, tafuta mita, uiweke kwenye volti za DC. Waya mweusi uguse nguzo ya hasi ya betri, mwekundu uguse chuma kitupu cha injini, taa na feni zikiwa zimewashwa na injini inaunguruma. Kisha mtu apige stata huku ukisoma. Usipime kwa ohmu, kwa maana uzi mmoja mwembamba wa waya uliobaki unatosha kuifanya mita isome karibu na sifuri, ilhali uzi huo hauwezi kubeba umeme wa stata, ambao huzidi ampea 100.

KijanaWaKihesa
Nimeumizwa na tuhuma, ila nimepima. Taa na feni zikiwa zimezimwa, mita inasoma -0.3. Nikiziwasha inasoma -1.3, na mshale unapanda palepale. Wakati wa kupiga stata alama ya kutoa inatoweka, na inasoma 1.9. Sielewi kwa nini alama inabadilika.

Mchunguzi wa Mambo
Alama hiyo ya kutoa asingeweza kuitunga mtu asiyejua alternata na stata hupitisha umeme kwa mielekeo inayopingana kwenye njia hiyohiyo. Naliondoa suala la kisa kutungwa. La muuzaji bado ninalo.

Fundi Mstaafu
Stata inapozunguka, umeme hutoka kwenye injini kurudi kwenye betri, ndiyo maana alama imegeuka. Kwenye athi nzima, kipimo cha kwanza hakitakiwi kuzidi volti 0.2, na cha stata 0.5. Sasa chukua waya mmoja wa kubustia, ubane upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye injini, mbali na feni na mikanda, kisha washa taa.

KijanaWaKihesa
Mshale haukusogea hata kidogo, na stata imezunguka kwa kasi ambayo sijaisikia tangu injini ifungwe. Nimeingia chini ya gari: waya mnene wa athi unaotakiwa kufungwa kwenye gia boksi umeviringishwa na kufungwa kwa tepu nyeusi kando ya fremu, bolti yake haipo. Lakini mafuta bado yanacheza na indiketa, kwa hiyo dashibodi naona nitaichukua tu.

Fundi Mstaafu
Iache kwanza. Tangi na taa za nyuma mara nyingi hutumia athi moja iliyofungwa kwenye bodi huko nyuma. Athi hiyo ikipata kutu, kila indiketa inapowaka sensa ya mafuta hupungukiwa umeme na mshale hushuka. Ondoa bolti hiyo, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, uifunge na kupaka grisi juu yake. Kule mbele, fungia waya wa gia boksi kwa bolti mpya, upime tena, na kagua ganda la kebo ya akseleta kabla hujaanza safari, kwa maana umeme wa stata ulikuwa ukipita mahali fulani muda wote huo.