Naomba ushauri: Kaunda suti ya marehemu baba, niibadilishe au niiache?

Wakuu habari zenu, nina Kaunda suti ya marehemu mzee wangu, rangi ya ugoro, mikono mifupi, mifuko minne ya nje na vifungo vyake vile vile. Mwezi ujao namuozesha mdogo wangu hapa Morogoro na nataka niivae, maana kwangu hili ndo vazi la heshima, Mzee Kaunda wa Zambia kalivaa mpaka likachukua jina lake, na Rais Ruto analipenda sana ingawa bunge la Kenya mwaka 2023 lilikataza kuingia nalo ukumbini.

Sasa mabega yananipwaya, mzee alikuwa na kifua. Fundi anataka atoe mifuko ya juu, kola iwe ya kusimama halafu aweke kitenge mifuko ya chini. Ubunifu naupenda kweli ila mfuko wa kushoto una alama ya wino pale mzee alipokuwa anachomeka kalamu, nikiuangalia roho inasita kabisa.

Je apunguze mabega tu, au ninunue kitambaa ashone nyingine na ubunifu wake aufanyie huko? Na mabega yanapunguzika bila kuharibu mikono? Mafundi naombeni mnisaidie jamani.