Naomba ushauri: nchi ijitoe vipi kwenye faranga ya CFA bila kuumia?

Wadau, nisaidieni hapa. Sarafu hii ya nchi kadhaa za Afrika Magharibi na Kati imefungwa kwa euro: euro 1 ni faranga 655.957, haipandi haishuki. Mfumuko wa bei hutulia, sawa, lakini thamani ikiguswa wanaumia wote: Januari 1994 faranga moja ya Ufaransa (CFA ilifungwa kwayo kabla ya euro) ilitoka CFA 50 hadi 100 kwa mpigo, gharama ya kuagiza dawa ikawa maradufu. Mali ilijitoa 1962, ikarudi 1984 (aibu, ila inafundisha).

Kipi kitangulie: kujaza akiba ya fedha za kigeni, angalau ya miezi mitatu ya uagizaji, au kuchapisha noti? Mimi naona akiba kwanza. Kinachonitatiza ni madeni ya euro: sarafu mpya ikiporomoka, yatalipwa kwa fedha gani?