Naenda kusoma Nanjing mwezi wa Septemba: nitaishi vipi na Wachina?

BintiMkoani ameuliza:

Asalaam aleikum wanabaraza. Nimepata nafasi ya shahada ya pili ya afya ya jamii huko Nanjing, na natakiwa kuripoti mwanzo wa Septemba inshaallah. Mambo ya viza na tiketi nimeshaelekezwa. Ninalouliza ni watu.

Miye ni wa Mkoani, Pemba. Wachina si wageni machoni mwangu, madaktari wao wapo pale hospitali ya Abdulla Mzee tangu sijaanza skuli, na bibi yangu alitolewa mtoto wa jicho na mmoja wao. Lakini kwetu wao ndio wageni na sisi ndio tunaowapokea. Sasa mgeni ni mimi.

Nimeshatiwa kwenye kundi la WeChat la wanafunzi wa msimamizi wangu. Nikasalimia vizuri, nikajitambulisha, nikawauliza hali zao na masomo. Wawili wakaweka vikatuni, waliobaki kimya. Siku ya pili mwalimu akaandika tangazo, na wote wakajibu neno moja lilelile, mmoja baada ya mwengine. Nikakaa najiuliza, au hawanitaki?

Halafu mmoja wao amenambia kwamba tukifika kutakuwa na chakula cha usiku cha kuwapokea wapya, na mwalimu hupenda watu wagonge glasi. Mimi najistiri, nasali, na pombe siigusi. Nikikataa mbele ya watu siku ya kwanza, si nitakuwa nimemvunjia heshima? Mama naye roho haimtulii, kasikia nguruwe yumo katika kila chungu. Waliopita huko naomba mniambie ukweli.

UmmuYussra (Wete):

Waaleikumu salaam mdogo wangu, hongera sana. Nilisoma katika jimbo hilohilo la Jiangsu, na huko ndiko wanakotoka madaktari wanaoletwa Zanzibar tangu 1964. Usishangae ukikutana na mtu mzima anayeijua Zanzibar kwa sababu jamaa yake aliwahi kufanya kazi Mnazi Mmoja au Pemba.

Lile neno lao ni "shoudao", maana yake nimepokea. Mwalimu akitangaza jambo, kila mtu huandika hivyo ajue kwamba habari imefika. Na wewe andika, tena mapema. Ile kimya ya salamu isikuumize. Kwetu mtu hajakuuliza habari za nyumbani, za watoto na za mgonjwa, basi mazungumzo hayajaanza. Kwao kundi lile ni la kazi. Niliyekaa naye meza moja maabara alikuwa anapita asubuhi bila neno, na mimi nikawa namhesabu ni mtu asiyependa wageni. Nikashikwa na homa. Ni yeye aliyekuja bwenini, akanipeleka hospitali, akapanga foleni ya kujiandikisha, akalipa kwa simu yake, akakaa ubavuni mwangu mpaka dripu ikaisha. Hajasema pole hata mara moja. Alinitilia maji ya moto kwenye chupa, akaninyoshea, na nikichelewa kunywa ananitazama mpaka ninywe. Kwa hiyo nakwambia, wapime kwa wanayoyafanya. Ukiwapima kwa salamu utawakosa watu wazuri kabisa.

Sasa chakula cha usiku. Usingoje ufike mezani ndipo ukatae. Wanafunzi wa msimamizi mmoja wanaitana kama ndugu: aliyekutangulia wa kike ni shijie, wa kiume ni shixiong, na wao wana wajibu juu yako. Mtumie ujumbe shijie mmoja wiki moja kabla, mwambie wewe Muislamu, huli nguruwe na hunywi pombe kabisa. Sema wazi na sababu yake. Ukisema "sipendi sana" utabembelezwa mpaka uchoke. Ukishamwambia yeye, atalipanga na mwalimu pembeni, na aibu haipo kwa mtu yeyote. Kugonga glasi kwa chai kunakubalika. Ukifika ngoja uonyeshwe pa kukaa, kwa sababu kiti kinachoelekea mlango kina mwenyewe. Wakianza kuinuka mmojammoja na wewe inuka, mfuate mwalimu, shika kikombe chako cha chai kwa mikono miwili, ukigonge chini ya ukingo wa kikombe chake, mshukuru. Hiyo ndiyo heshima anayoitazama, kilichomo kikombeni ni jambo dogo.

La mama yako nalichukulia kwa uzito, kwa sababu lina ukweli. Huko ukisema "rou", yaani nyama, bila kutaja ya mnyama gani, wanaelewa nguruwe. Hata mboga inaweza kukaangwa kwa mafuta yake, na samaki, ambaye sisi Wapemba tunamkimbilia, mara nyingi hutiwa mvinyo wa kupikia kuondoa shombo. Tafuta maandishi haya mlangoni, ndiyo alama ya chakula cha halali: 清真. Yasome mpaka uyatambue kwa mbali. Vyuo vingi vikubwa vina dirisha au ukumbi wa chakula cha Waislamu, na mitaani kuna maduka ya tambi za Lanzhou ambayo wengi wa wenyewe ni Waislamu wa Qinghai na Gansu. Mchuzi wa ng'ombe, tambi zinavutwa kwa mkono mbele yako. Utashiba, mwambie mama.

Jambo moja nakuomba ulishike. Wageni kwa kawaida huwekwa mabweni yao mbali na Wachina, na ni rahisi ukasoma mpaka ukamaliza ukiwa unajua Waafrika wenzako tu. Nenda ukale nao. Wanakula mapema, saa tano na nusu mchana chakula kimeshaiva, na jioni saa kumi na moja na nusu. Baada ya chakula cha mchana maabara huzimwa taa, watu wanafungua vitanda vya kukunja wanalala. Kwa mtu wa Pemba hilo halina ugeni! Lala na wewe. Ukiamka, ndiyo saa wanayozungumza.

Kijana wa Jang'ombe:

Dada hapo juu kasema vizuri, lakini mimi naongeza upande mwengine, maana huyu binti kaomba ukweli. Watu watakupiga picha kwenye treni bila kukuuliza. Watakugusa, watakuuliza umri, uzito, na baba yako anapata mshahara kiasi gani. Mengi ni udadisi usio na ubaya, lakini si lazima uyavumilie yote. Inua mkono mbele ya uso, sema "bu yao", yaani sitaki, ondoka. Mimi nilinyimwa chumba cha kupanga na mwenye nyumba aliyekuwa amekubali kwenye simu, aliponiona akasema "si rahisi kidogo". Ujue maneno hayo ni kukataa. Hapo usibishane, tafuta kwengine.

Sala: chumbani kwako hakuna neno, lakini sala ya jamaa msifanye chuoni, nendeni msikitini. Nanjing kuna Jingjue, msikiti wa zamani wa enzi za Ming, unashuka kwenye treni ya chini ya ardhi kituo cha Sanshanjie.

Baridi jipange nayo. Nanjing iko kusini ya mto Huai, na upande huo serikali haikuweka mabomba ya kupasha nyumba moto kama Beijing. Baridi yake ina unyevu, inaingia kwenye mifupa. Na kabla hujaondoka mtilie mama WeChat kwenye simu yake umfundishe, kwani WhatsApp imefungwa huko. Wako mbele yetu kwa saa tano, ukimaliza isha yeye bado yuko jikoni.

BintiMkoani:

Allah awalipe. Nimemsomea mama yote, na ile habari ya dripu kaniambia nimrudilie. Jengine: niwachukulie nini mwalimu na huyo shijie?

UmmuYussra:

Matunda mabichi usibebe, forodha yao hairuhusu. Shijie mpelekee kanga na sabuni ya mwani, umwambie inatengenezwa na wanawake wa kwetu. Mwalimu mpe kitu kidogo kilichofungwa vizuri, kwa mikono miwili. Atakataa mara ya kwanza, pengine na ya pili. Endelea kumpa kwa upole. Akipokea ataweka pembeni bila kufungua, ndiyo adabu yao, atafungua ukishaondoka. Rangi nyekundu wanaipenda. Saa ya ukutani usimpe mtu, wanaihusisha na mauti.

Na huyo shijie mwandikie leo, usingoje Septemba.