Kwa nini mwanasesere wa bati anarudi kwa mtoto katika Tin Toy?

Swali: Wapendwa, jana nilitazama na binti yangu Tin Toy, filamu fupi ya katuni iliyotengenezwa na Pixar mwaka 1988 chini ya uongozi wa John Lasseter. Mwanasesere yule alimkimbia mtoto kwa hofu hadi akajificha chini ya kochi, kisha akatoka mwenyewe. Binti yangu aliniuliza sababu, nami nikakosa jibu.

Jibu la 1: Anatoka kwa sababu mtoto ameanguka na analia. Kumbuka kwamba chini ya kochi alikuta wanasesere wengine wakitetemeka, kwa hiyo alijua vyema hatari iliyomngoja, lakini kilio kile kilimshinda. Kwangu mimi huo ndio urafiki.

Jibu la 2: Naafiki, ila naomba mwangalie pia vyombo alivyobeba: kila anapopiga hatua ngoma na kinanda vinalia, hivyo hata kutoroka kwake kunamwita mtoto. Ameumbwa kuchezewa. Inauma sana mtoto anapomtupa kando na kuchezea boksi tupu, jambo ambalo kila mzazi amelishuhudia nyumbani.

Jibu la 3: Niongeze kwamba ndiyo filamu ya kwanza ya katuni za kompyuta kupata tuzo ya Oscar, mwaka 1989. Sura ya mtoto haikupendeza, lakini kilio chake kinaaminika kabisa.

Muuliza swali: Nashukuru sana. Leo jioni tutaitazama tena, na nitamwambia asikilize ile ngoma.