Tupeane uzoefu: uzazi wa mpango katika nyumba zetu za Kiislamu, nani alikwambia nini?

MkeWaUstadh (mwenye mada)

Assalaam alaykum. Mada ya wakubwa hii. Sitaki tuanze vita vya halali na haramu, hivyo vimejaa kila mahali na mwishowe watu hukufurishana. Nataka tuambizane yaliyotukuta: nani alikushauri, nani alikukataza, na kadi ya kliniki uliificha wapi.

Naanza mie. Niliolewa Unguja nina miaka 19, kufika 25 nina wanne. Wa tatu na wa nne wamepishana miezi 13, wakinyonya pamoja, mmoja huku mmoja kule. Mume wangu hajanikataza kitu, wala hajaniuliza kitu. Mazungumzo hayo kwetu hayakuwepo tu. Mwenye kauli alikuwa mavyaa, mama wa mume. Mtoto akitimiza mwaka na tumbo halijaonekana, ananitazama kiunoni: "Mbona kimya? Mtoto huja na riziki yake."

Baada ya wa nne nikachoma sindano ya miezi mitatu, kwa siri. Kadi nikaitia ndani ya mfuko wa msahafu, maana hapo najua hapekui mtu.

Siri ilitoboka kwa damu. Si nyingi, matone tu, leo yapo, kesho hayapo, kesho kutwa hayo tena. Yalianza katikati ya Shaabani, Ramadhani ikaingia nayo. Nyumba yetu wanawake wanne tunafuturu sinia moja, kila mtu anazijua siku za mwenzake. Siku ya 12 ya funga mavyaa kanivuta chumbani: "Wewe unaumwa au umetia dawa?" Nikalia, nikasema yote.

Nilijiandaa kutukanwa kwa ajili ya dawa. Wallahi dawa hakuigusa. Alichokasirikia ni sala. "Siku zote hizo umeacha sala, na hujamuuliza mtu?" Kesho yake akanichukua mwenyewe kwa ustadhati wake, mwalimu wake wa dini. Yule mama akaniuliza swali moja, kawaida yangu siku ngapi. Nikamwambia sita. Akasema katika madhehebu yetu ya Shafi hedhi haivuki siku 15, ikivuka unarudi kwenye ada yako: sita ni hedhi, zinazobaki ni istihadha, damu isiyo ya hedhi. Unaoga, unajifunga vizuri, unatia udhu kila sala ya faradhi ikiingia wakati, unasali na unafunga. Nililipa sala zile kwa mafungu, kila adhuhuri nikaambatanisha na moja ya deni, mpaka karibu na mfungo tatu.

Haya, zamu yenu.

MuuguziPemba

Dada, hilo la damu ndilo linalonirudishia wanawake kituoni kuliko fatwa yoyote. Sisi tumefundishwa kusema "utapata mabadiliko ya hedhi", tukimaliza tunaita anayefuata. Mama anatoka hajui afanye nini na sala zake, wiki ya tatu anarudi kusema dawa imemkataa. Siku hizi kabla ya sindano namuuliza siku zake, namwambia aziandike, na nampa neno istihadha aende nalo kwa anayemwamini. Wengi hawarudi tena kulalamika.

Mengine ninayoyaona: wanapenda sindano kwa sababu haionekani. Vijiti ni vizuri, unakaa miaka mitatu au mitano huna habari, lakini vinapapaswa mkononi, na mume akivipapasa siku hiyo nyumba haikaliki. Kitanzi wanakiogopa kwa stara. Mama anakubali vizuri, akisikia zamu ya leo ni daktari mwanamume anasema amesahau maziwa jikoni. Nina mteja huja na kikapu cha mchicha kila mara, eti katoka sokoni. Mchicha ule ule, nadhani nao una kadi yake.

BinKilwa

Mimi mwanamume, mniwie radhi kuingia kwa kina mama. Nilikuwa mkali sana. Silaha yangu ilikuwa ile aya ya Suratul Israa, msiwaue watoto wenu kwa kuogopa umasikini. Nikampelekea mwalimu wangu anipe nguvu. Akaniuliza: "Huyo mtoto unayesema anauawa, yuko wapi? Kazaliwa?" Nikanyamaza. Akanisomea hadithi ya Jabir, kwamba masahaba walikuwa wakifanya azl, yaani mume kumwaga nje, na Qur'ani inateremka. Kisha akanigeuzia kibao: "Wapo maulamaa wanaosema hata azl usiifanye bila ridhaa ya mkeo. Wewe umemuuliza mkeo lini?" Sikuwa nimemuuliza hata siku moja, wala azl wala kuzaa.

Basi tukashika azl miaka miwili. Tukapata mapacha. Nilipomrudia mwalimu akacheka mpaka kofia ikadondoka, akasema hadithi nyingine ya azl inakwambia kilichokadiriwa kitakuja tu. Sasa mke wangu ana kitanzi.

BibiWaNgamiani

Wajukuu, mnaongea kama uzazi wa mpango umeletwa na meli. Tanga yetu, mwanamke akijifungua anarudi kwao. Arobaini ikiisha hatolewi, anakaa mpaka mtoto asimame. Mume akija anapewa kahawa barazani, anaangalia mtoto, anakwenda zake. Mkilala pamoja mapema mtoto atabemendwa, atadhoofu miguu, na mtaa mzima utajua nyie hamna subira. Kushika mimba na mtoto ziwani ilikuwa aibu, na aliyechekwa zaidi ni mume. Na aya ya kunyonyesha miaka miwili kamili tuliijua, tukaishika. Mimi nina sita, hakuna waliopishana chini ya miaka mitatu, na kidonge sijakiona mpaka nimekoma hedhi.

Sasa mnazaa Dar, chumba kimoja cha kupanga, pazia katikati, mama yako yuko mbali. Utarudi wapi? Ndiyo maana mnahitaji dawa. Halafu mavyaa zenu wale wale waliozaa kwa kupishanisha wanawaambia zaeni tu. Wamesahau walivyolindwa.

MuuguziPemba

Bibi, mtoto hadhoofu kwa wazazi kulala pamoja, anadhoofu akiachishwa ziwa mapema mimba nyingine ikiingia. Lakini matokeo mliyapata, siwezi kukubishia. Wanaotegemea ziwa peke yake leo: linakinga kama mtoto hajafika miezi sita, ananyonya tu usiku na mchana bila uji wala maji, na hedhi haijarudi. Moja ikikosekana, njoo kituoni.

MkweliMtupu

Yote haya ni mipango ya wazungu kupunguza umma wa Muhammad. Mtume amesema oeni wenye kuzaa, atajifaharisha kwa wingi wetu.

MkeWaUstadh

Kaka, hadithi tunaijua na tunaipenda. Iran mwaka 1989 waliueneza uzazi wa mpango wenyewe, na walioruhusu ni maulamaa wao.

MkweliMtupu

Hao Mashia. Na tena wamegeuka, sasa wanawabembeleza watu wazae.

MkeWaUstadh

Kweli wamegeuka. Sheikh Shaltut wa Azhar ya Misri basi, naye aliruhusu kwa mwenye sababu. Na Ghazali, Shafi mwenzetu, aliyefariki 1111, kajadili azl na kairuhusu hata kwa anayeogopa mzigo wa watoto wengi. Wazungu gani hao wa 1111? Kufunga kizazi moja kwa moja bila dharura, hapo sote tunakubali ni jambo jingine. Sasa niambie yaliyokukuta wewe, ndiyo mada.

(Hakurudi.)

MuscatMbali

Huku Oman serikali ilianza mpango wake 1994, na jina walilochagua ni kupishanisha uzazi. Neno kupunguza husikii. Mamangu kazaa kumi, dada yangu ana wanne, na hakuna aliyesema amepunguza. Amepishanisha. Nikija likizo Zanzibar nasikia "uzazi wa mpango" natamani waazime lile neno.

BintiMvita

Sijui kama hii yangu inaingia hapa. Mimi Mombasa. Nilikuwa na vijiti, mume ndiye alienipeleka, mambo sawa. Mwaka wa pili akaoa mke wa pili. Miezi minne yule mwenzangu tumbo hilo. Nikaenda nikatoa vijiti. Nikazaa wawili mfululizo, wa mwisho kwa upasuaji, damu ikanitoka karibu nife. Hakuna sheikh aliniambia nitoe, wala mavyaa, wala mume. Ni lile tumbo la mwenzangu. Nikisikia watu wakisema dini ndiyo inayozuia, hunyamaza tu.

MkeWaUstadh

Inaingia, habibty. Inaingia sana.

Mwari2

Shikamooni. Nina miezi mitatu ya ndoa, sijazaa, nataka nimalize chuo kwanza, bado mwaka na nusu. Mume kakubali. Somo wangu kanitisha kuwa kabla ya kifungua mimba ukigusa dawa kizazi kinaganda. Ni kweli?

MuuguziPemba

Marahaba. Hakigandi. Ila kwa hali yako sindano mimi nisingekuchagulia: ukiiacha, mimba huweza kuchelewa miezi mingi, mara nyingi karibu kumi tangu sindano ya mwisho, na hapo ndipo uvumi wa ugumba unapozaliwa. Vidonge ukiacha, au kijiti ukikitoa, unarudi hali yako upesi. Njoo na mumeo kama anaweza. Na siku zako zihesabu tangu sasa, uziandike.

Mwari2

Nitakuja Jumatatu. Nyumbani nitasema nakwenda sokoni.

MuuguziPemba

Usije na mchicha tu. Mwenye mchicha yupo.

MkeWaUstadh

Nimecheka peke yangu. Walioniuliza faraghani mavyaa yukoje siku hizi: kadi bado inakaa kwenye mfuko wa msahafu, mazoea tu. Juzi nafua uani, akanipigia ukelele toka jikoni, wa kufika nyumba ya tatu: "Weee! Leo si tarehe yako ya sindano?"